Heshima ya Chupa

Nani alitufundisha kwamba mgeni hajaheshimiwa mpaka afunguliwe chupa ya soda? Nauliza kwa ukali, lakini sehemu ya jibu naijua: mmoja wa walimu hao nilikuwa mimi.

Mwaka 1992, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa sayansi kimu alipendekeza wageni wa mahafali wapewe juisi ya nanasi yenye mchaichai na nanaa, vyote kutoka shamba la chuo. Nilimkatalia mbele ya wenzake. "Mgeni rasmi tumnyweshe maji ya maganda?" Wakacheka. Tukanunua kreti za soda kwa fedha ambayo ingenunua chaki, na mananasi yakaozea stoo. Mama yule hakunijibu neno.

Ugonjwa huu ulianzia kwenye uhaba. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, sukari ilikuwa adimu, na mwenye arusi alihangaikia kibali ili apate kreti chache. Kilichopatikana kwa taabu kikageuka cheo. Uhaba umekwisha zamani, cheo kimebaki.

Na cheo chenyewe ni nini? Mililita 350 za soda ya kola zina sukari gramu 35 hadi 40, takriban vijiko tisa vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya namna hiyo, ya juisi ikiwamo, isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku; kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Chupa mbili arusini, umeruka mpaka. Sisi wenye kisukari tunaletewa maji, tena kwa kuombwa radhi.

Wapo wanaoniambia, "Mwalimu, juisi ya nyumbani italeta kipindupindu." Kipindupindu huletwa na maji machafu na mikono isiyonawiwa, si nanasi. Ndiyo maana mimi huanza na moto. Mananasi mawili ya wastani nayasugua vizuri kwa maji safi kabla ya kuyamenya. Maganda nayachemsha kwa lita nne za maji, pamoja na fungu la mchaichai lililopondwa na kipande cha tangawizi, dakika 15, kisha nafunika hadi yapoe. Nyama ya nanasi naitwanga kwenye kinu kilichosuuzwa kwa maji ya moto, naikamua kwa kitambaa safi, nachanganya na maji yale yaliyochujwa. Nanaa haichemshwi kamwe, harufu yake huondoka na mvuke. Naifikicha viganjani na kuitia mwishoni, pamoja na ndimu mbili. Sukari siongezi. Nanasi lina yake, sikatai, lakini ikigawanywa katika lita hizo, bilauri moja haipati hata nusu ya ile ya chupa. Nami hunywa moja tu.

Watu wa Kiwangwa, kule Bagamoyo, wanalima mananasi yanayosifiwa nchi nzima. Tunapita barabarani, tunanunua mawili ya watoto, halafu tunakimbilia mjini kutafuta kinywaji cha wageni!

Juzi kamati ya arusi ya mjukuu wangu imeniletea kadi ya mchango, na mwenyekiti ameongeza kwa kalamu: "Babu, kreti 5 za soda." Nimemjibu kwamba atapata mananasi 40, na kwamba alfajiri ya siku hiyo nitafika mwenyewe na kinu changu. Hajajibu bado.