Shamba Haliuzwi Kusi

Wiki mbili kabla ya Pasaka simu yangu huanza kujaa. Ofa ya Pasaka! Ploti za Malindi, hatua chache tu kutoka baharini! Lipa nusu sasa, nusu nyingine kwa miezi kumi na miwili! Picha huwa ni zilezile kila mwaka: mchanga mweupe, mnazi umeinama, msichana wa kofia pana anatazama maji. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, wameandika Magarini. Ukiuliza Magarini ni wapi, utaambiwa ni Malindi. Ukiuliza ni Malindi gani hiyo isiyofikika kwa tuktuk, utaambiwa, "Boss, wewe njoo saiti uone mwenyewe."

Mimi nakuambia usije. Ama njoo, lakini pesa ya ploti iache benki. Sababu nitakupa, na nitaanzia kwa kosa langu, manake sina haki ya kumnyooshea mtu kidole kabla sijajinyooshea mwenyewe.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kupiga video za ploti. Kampuni ilikuwa na ofisi ya chumba kimoja na bango kubwa kuliko ofisi. Elfu tatu kwa kila video, na kamisheni kidogo mteja akilipa. Siku ya kwanza tulikwenda shamba moja upande wa Ngomeni: unavuka daraja la Sabaki, unapita Mambrui, unafika Gongoni, kisha unaacha lami na kushika barabara ya vumbi katikati ya mabwawa ya chumvi. Tulikuta savea ameshapita na bikoni zimeshachimbiwa. Katikati ya ploti nambari nne palikuwa na nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na nyuma yake moshi wa jikoni. Mama mmoja alikuwa akikaanga samaki. Alitukaribisha, akatupa na maji ya kunywa. Meneja akaniinamia sikioni: "Pigia kutoka huku. Moshi usionekane."

Nikapigia kutoka huku. Video ilifanya vizuri sana.

Jumatatu ya Pasaka iliyofuata, mwalimu mmoja alikuja kutoka Nakuru na mumewe na watoto wawili kuonyeshwa ploti aliyolipia. Ilikuwa nambari nne. Alikuwa amekopa sacco shilingi 350,000, na mkopo ulikuwa bado unakatwa kwenye mshahara. Akasimama kwenye bikoni yake akitazama jiko la mtu. Mama wa nyumba, asiyejua lolote, akatoka kumpa pole ya safari. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nimeambiwa nipige picha za mteja mwenye furaha. Yule mwalimu hakunitukana. Aliniuliza tu, "Si wewe ndo ulipiga ile video?"

Hiyo ndo siku niliyoacha kazi. Sasa tuongee soko.

Watu wa mjini hudhani bei ya ardhi ya Pwani hupangwa na umbali kutoka baharini. Huku kwetu hupangwa na upepo. Kuanzia Disemba hadi Machi upepo ni wa kaskazi. Bahari imetulia, wavuvi wanatoka na wanarudi na kitu, mahoteli ya Malindi yana Wataliano, jua linakausha chumvi kwenye mabwawa na vibarua wanaitwa kila asubuhi. Mfuate mtu wakati huo umwambie akuuzie shamba, atakuuliza kama una homa.

Halafu inafika Aprili. Kusi inaanza kuingia, bahari inachafuka, mwenye chombo kidogo anakaa ufuoni akishona nyavu. Masika inashuka, na chumvi haikauki kwenye mvua, kwa hivyo kibarua anaambiwa asubiri nyumbani. Mahoteli kadhaa yanafunga milango mpaka Julai. Na Aprili ikielekea kuisha, shule zinafunguliwa muhula wa pili na karo inadaiwa.

Pasaka inaangukia hapo hapo. Mtu wa Nairobi ana siku nne za mapumziko na akiba ya chama. Mtu wa Ngomeni ana mtoto ambaye hajui kama atarudi shule. Wawili hao wanakutanishwa na broka, na kile kinachoandikwa kwenye karatasi kinaitwa bei ya soko. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa ploti za Pasaka mwenyeji haponi, anahama.

Hebu tupige hesabu ya shamba lile lile nililolipiga video. Aliyeuza alikuwa mmoja tu wa ndugu wengi, na aliuza bila kuwaambia wenziwe. Alipewa 150,000 kwa eka, mwezi wa tano, mvua ikinyesha. Kampuni ikakata kila eka vipande vinane vya futi 50 kwa 100, ikaacha njia, ikauza kipande 350,000. Hiyo ni 2,800,000 kwa eka moja. Toa savea, toa broka, toa mafuta ya gari, toa elfu tatu zangu. Kilichobaki ni faida ya njaa ya mwezi wa tano.

Lakini njaa peke yake haielezi kila kitu. Kenya nzima kuna watu wenye njaa, na si wote wanaouza eka kwa bei ya pikipiki. Kinachowapunguzia bei watu wetu ni karatasi wasiyokuwa nayo, na hiyo ina historia.

Mwaka 1908 mkoloni alileta Sheria ya Hati za Ardhi katika ukanda wa Pwani. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa ajitokeze na ushahidi wake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo na hawakuwa na cha kuonyesha isipokuwa makaburi na minazi, walitoka mikono mitupu. Mwaka 1914 Waingereza wakawaamuru Wagiriama walioishi kaskazi mwa Sabaki, yaani huku huku Magarini, wahame. Nyumba zikachomwa, vita vikazuka, vita ambavyo mpaka leo tukivitaja tunamtaja Mekatilili wa Menza. Watu walirudi baadaye, lakini karatasi haikurudi nao. Uhuru ulipokuja, ardhi ya mkoloni ikawa ardhi ya serikali, na mkulima akapewa jina jipya: skwota. Yakaja makampuni ya chumvi. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuja Magarini kuwasikiliza wananchi hadharani, na watu wakasimulia jinsi walivyofukuzwa mashambani na jinsi visima vyao vilivyogeuka maji ya chumvi.

Na yote hayo yakitokea, mbele ya macho ya Ngomeni kulikuwa na majukwaa ya chuma baharini. Ukisimama ufuoni utayaona. Wataliano walirusha San Marco 2 kutoka pale mwaka 1967. Tarehe 12 Disemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu wakaiita Uhuru. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, vitu vilivyo mbali hata macho hayavioni, na kila kimoja kikapewa nambari yake. Shamba la Hawe, nyanya yangu mzaa baba, liko mwendo wa bodaboda kutoka ufuo ule ule. Halijapata nambari hadi leo.

Kwa nini nayaandika haya mwaka huu? Kwa sababu baba yangu mdogo amepata mteja. Si mtu mlafi. Ana watoto wawili sekondari na injini ya boti iliyokufa Februari. Broka amemwambia ofa ni ya Pasaka tu, ikipita imepita. Hawe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwanangu, shamba haliuzwi kusi. Ngoja kaskazi irudi. Ukiwa bado wataka kuuza na tumbo limejaa, niite." Baba mdogo akanyamaza. Karo hainyamazi, na mimi najua hivyo kuliko mtu yeyote kwenye ile familia.

Najua pia majibu yatakayokuja. Kwani mtu hana haki ya kuuza chake? Anayo. Basi auze akiwa ameshiba, akiwa na hati, na mkewe na ndugu zake wakijua. Asiye na hati hauzi shamba, anauza ahadi ya kuondoka, na ahadi hiyo anaitoa kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa.

Utaniambia ni chuki kwa wabara. Hapana. Kelele za Pwani si Kenya hazikumpa Hawe karatasi. Yule mwalimu wa Nakuru aliumizwa na watu wale wale waliomuumiza mama wa ploti nambari nne, na mmoja wao ni mimi. Utaniambia ploti zinaleta maendeleo. Mimi nimepita tena kwenye zile nilizozipigia video. Nyingi zina ua wa seng'enge, geti la bati na nyasi. Mbuzi wamefungiwa nje na mwenyewe anasubiri bei ipande ili amuuzie mwingine.

Utaniambia serikali inajenga nyumba. Ndiyo, na wewe uliyeajiriwa unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024. Lakini watu wa Ngomeni hawajaomba ghorofa. Nyumba wanazo, walijenga wenyewe kwa udongo, miti na makuti. Wanachokosa ni kipande cha karatasi kinachosema nyumba hiyo ni yao, na karatasi ni rahisi kuliko saruji.

Kwa hivyo nasema na watu watatu.

Wewe unayenunua: usinunue shamba lenye moshi. Usinunue kwa video. Njoo mwezi wa tano, siyo Januari, uone kama ploti yako ni shamba au ni bwawa. Kagua rejista ya ardhi mwenyewe, usipewe nakala na broka. Tembea mpaka wote ukiwa na majirani, siyo na meneja. Waulize majirani watatu, kila mmoja peke yake, nani kazikwa hapa. Ukiambiwa ploti inaingia mpaka majini, kumbuka Kifungu cha 62 cha Katiba: ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, hakuna wa kukuuzia. Na ukiambiwa ofa inaisha Jumatatu, iache iishe.

Wewe mwenye simu nzuri kama yangu: najua njaa ya kodi ya nyumba. Najua elfu tatu ni nini tarehe 28. Lakini ukiambiwa ugeuze kamera ili moshi usionekane, ujue unaloambiwa ni kumfuta mtu nyumbani kwake. Kataa. Kama huwezi kukataa, basi piga na moshi, uone kama watakulipa.

Na nyinyi wa ofisi za ardhi, wa kaunti na wa wizara: pimeni kwanza, ndipo soko lifunguliwe. Sheria ya uamuzi wa ardhi inampa mtu siku 60 za kuweka pingamizi baada ya rejista kukamilika. Siku 60 za tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ni siku 60 za kuwasomea kuta. Lipelekeni tangazo kwenye bandari ya samaki, msikitini, kanisani, kwenye mang'we ya mnazi, na lisomwe kwa sauti. Na msilipeleke wakati wa kusi, watu wakiwa tayari kutia sahihi chochote.

Sisi kwenye familia tumechanga. Si nyingi. Imetosha muhula mmoja wa mtoto mmoja, na wa pili tunaongea na shule. Injini bado imekufa. Broka alikuja Alhamisi, akakalishwa, akapewa chai, akaambiwa asubiri. Akasema bei itashuka. Hawe akamjibu kuwa kwake haijawahi kupanda.

Ukija Pasaka, karibu. Kula samaki wa kupaka, lala, ogelea, lipa watu vizuri. Bei ya shamba utuulize Disemba.