Kamusi peke yake haitoshi

Kuna watu wanaoamini kwamba sayansi ni rahisi kutafsiri kuliko mashairi. Eti maneno yake ni yale yale dunia nzima. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na ushahidi wangu ni Kirusi na Kiingereza.

Chukua neno la Kirusi "dispersiya". Mtafsiri mwenye haraka anaona linafanana na "dispersion" la Kiingereza, analibandika, anasonga mbele. Hapo ameshapotosha. Kwa mtakwimu wa Kirusi, dispersiya ni kipimo kimoja mahususi, ambacho Waingereza hukiita "variance": unaangalia kila namba iko mbali kiasi gani na wastani, unazidisha umbali huo kwa wenyewe, kisha unatafuta wastani wa majibu yote. "Dispersion" ni mtawanyiko kwa ujumla, kwa kipimo chochote kile.

Utasema hayo ni mambo ya maprofesa. Haya, tuseme ripoti inahusu uzito wa magunia ya mahindi kwa kilo, na dispersiya ni 16. Ukiandika "mtawanyiko ni 16", msomaji atadhani magunia yanapishana na wastani kwa kilo 16 hivi. Kumbe ilibidi kwanza atafute kipeuo cha pili, na jibu ni kilo 4! Mnunuzi akiukataa mzigo huo, aliyemponza mkulima ni mtafsiri.

Namba nazo zina mitego yake. Warusi huweka mkato pale Waingereza wanapoweka nukta. Kwa Mrusi, 1,250 ni moja na robo. Kwa Mwingereza ni elfu moja mia mbili na hamsini. Na "milliard" ya Mrusi ndiyo bilioni yetu.

Samuel Kotz, aliyechapisha kamusi ya takwimu ya Kirusi na Kiingereza mwaka 1964, alikuwa mtakwimu mwenyewe. Hapo ndipo penye hoja yangu: anayetafsiri hesabu aijue hesabu.

Linatuhusu na sisi, maana habari nyingi za Urusi hutufikia kupitia Kiingereza, na kosa la mtafsiri wa kwanza tunalirithi bila kujua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Neno usilolijua litakufanya uulize. Hili linalofanana ndilo litakalokuumbua. Wahariri wetu wampe mtaalamu asome kabla ya gazeti kwenda mtamboni.

Au wewe unaonaje, ndugu msomaji?