NJIA YA KWENDA PWANI ISIZIBWE

Mwenzangu mmoja wa bwenini, mzaliwa wa Singida, hakuwa ameiona bahari kwa macho yake mpaka likizo ya mwezi wa Juni. Muhula mzima uliotangulia, taa zikizimwa, alikuwa akiniuliza, "Je, kwenu iko pwani tulivu, mahali mtu aweza kukaa akasikia mawimbi tu?" Nami nilimjibu kwa majivuno kwamba mimi ni mtoto wa Kigamboni, na pwani tulivu ziko mlangoni petu. Basi likizo ilipofika wazazi wake walimruhusu, tukaenda pamoja. Mambo niliyoyaona katika siku tatu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu na kuwaandikia ninyi, wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi wetu.

Wengi wenu mwajua kwamba Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya nchi kabla Dodoma haijapewa cheo hicho kwa sheria ya mwaka 2018. Cheo kimekwenda, lakini watu wamebaki. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Watu wote hao wana bahari moja, na Jumapili jioni utadhani nusu yao wako ufukwe wa Coco.

Huko ndiko nilikompeleka mgeni wangu siku ya kwanza. Sitaki kupadharau. Mihogo ya kukaanga ya pale ni mitamu kweli, na watoto hucheza mpira mchangani kwa furaha. Lakini muziki ulikuwa mwingi, kila kibanda na wimbo wake, hata mwenzangu akaniuliza mawimbi yako wapi. Nilifikiri pia habari za visiwa vya Bongoyo na Mbudya, ambavyo ni hifadhi za bahari na havina wakazi. Lakini huko mtu huenda kwa mashua, na nauli pamoja na ada ya hifadhi si mambo ya mfuko wa mwanafunzi. Tukarudi nyumbani kwa pantoni.

Siku ya pili tulibaki upande wetu. Tangu daraja la Kigamboni lenye urefu wa mita 680 lilipofunguliwa mwaka 2016, kuvuka kumekuwa rahisi, na kuta zimeota kama uyoga baada ya mvua. Nilimwongoza mwenzangu kwa njia ya miguu ambayo bibi yangu aliipita tangu mimi sijazaliwa. Njia hiyo hukata katikati ya minazi mpaka mchangani, mwendo wa dakika kumi tu. Lo! Tulipofika nusu yake tulikuta ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, na lango la chuma. Mlinzi alikuwa mwungwana, hakututukana. Alisema tu, "Wadogo zangu, hapa njia hakuna tena. Zungukeni."

Nikamwuliza, "Tuzunguke mpaka wapi, kaka?"

Alinyosha mkono, kisha akanyamaza. Nadhani yeye mwenyewe hakujua ukuta ule waishia wapi.

Tulitembea karibu saa nzima juani mpaka tukapata upenyo. Hapo tukaona tulichokuwa tukikitafuta: mchanga mweupe, ngalawa tatu zimepandishwa, upepo wa kusi wavuma, na hakuna sauti ila ya maji. Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini akishona nyavu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mwatafuta nini huku?"

Mwenzangu akajibu kwa adabu, "Twatafuta pwani tulivu, mzee, isiyo na watu."

Mzee alicheka sana. "Na sisi je," akasema, "si watu?"

Tuliona haya. Lakini neno lile lilinifundisha. Mahali tunapopaita patupu sisi wageni wa saa moja, ni mahali pa kazi pa mtu mwingine. Pametulia kwa sababu wavuvi wamelala baada ya kukesha baharini, au kwa sababu akina mama wako mbali miambani.

Jioni nilimsimulia bibi habari za ukuta. Alikuwa akizijua zamani. Akasema, "Mjukuu wangu, wewe umekosa matembezi. Mimi nimekosa kitoweo."

Wenzangu wa bara yafaa niwaeleze maana yake. Bibi huenda kuchokoa pweza siku za bamvua, wakati maji yanapokupwa mbali sana na miamba ikawa wazi. Nafasi hiyo ni ya saa chache tu, kisha maji hujaa tena, wala hayamngoji mtu. Tena, kila siku saa ya maji kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo mwenda pwani huuhesabu wakati wake kama sisi tunavyoihesabu kengele. Mwanamke mwenye umri wa bibi yangu, akizungushwa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi na ndoo kichwani, bamvua limekwisha kumpita.

Mtu aweza kusema kwamba pwani yenyewe haikuchukuliwa, kwani sheria yailinda. Ni kweli kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataja mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na kukataza humo shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira. Hiyo ni sheria njema. Lakini mita 60 zisizofikika zina faida gani? Ni kama kisima cha kijiji kilichozungushiwa ua wa mtu mmoja. Maji ni yenu, lakini kamba na ndoo viko kwake.

Wenye kuta nao wana hoja yao, na haki yataka tuisikilize. Wao husema kwamba njia ikiachwa wazi, watu huja na kelele, huacha takataka, na usiku huja wezi. Siwezi kukana. Pale penye upenyo tulikuta chupa za plastiki nyingi, na walioziacha hawakuwa wavuvi. Walikuwa watembezi kama sisi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini hakuna sheria iwezayo kumfuata kila mtu mpaka mchangani na kumwokotea chupa yake. Kwa hiyo sisi vijana tumechangia kuzijenga kuta hizo kwa tabia zetu wenyewe.

Hata hivyo, ukuta hauleti utulivu. Kusini ya Kigamboni kasa hupanda pwani usiku kutaga mayai, mia moja au zaidi katika shimo moja. Baada ya miezi miwili hivi vitoto hutoka na kukimbilia penye mwanga, kwani usiku bahari hung'aa kuliko nchi kavu. Taa kali za majumba huvipoteza njia, vikaelekea bara badala ya majini. Hivyo mwenye kuwafungia watu nje kwa ajili ya utulivu aweza kuwa yeye ndiye mwenye kuuvunja.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, viwanja vya pwani vinapopimwa, njia za miguu za zamani ziandikwe katika ramani na kuachwa wazi, kwa upana wa kumtosha mtu aliyebeba nyavu au ndoo. Wazee wa mtaa wazijua zote. Waulizwe kabla hawajatutoka. Pili, wazazi wetu wenye viwanja huko wasingoje kulazimishwa, bali waache njia kwa hiari. Tatu, sisi wanafunzi tukienda pwani tuwasalimu tunaowakuta, tusikanyage nyavu, na tuondoke na takataka zetu.

Siku ya tatu tulikwenda Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone". Njia ilikuwa wazi, wala hapakuwa na kelele. Tuliwaamkia wenyeji, tukaoga, na mwenzangu alikaa mchangani akisikiliza mawimbi mpaka jua likashuka. Tuliporudi alibeba chupa zetu mbili tupu mkononi mpaka nyumbani. Bibi alipomwona akamwuliza kama ameipata ile pwani isiyo na watu.

"La, bibi," akajibu. "Nimeipata yenye watu."

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne