Mambo ya Nyumbani: Neno la Kusikia Kabla ya Kutoka Wodini

Mwezi huu twapenda kunena jambo ambalo hapa Musoma, na kwa wenzetu wa Bunda na Butiama, hunenwa kwa kunong'ona tu: hali ya mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, akapelekwa hospitali akasafishwa, kisha akarejea nyumbani. Wengi hudhani mambo yamekwisha pale damu inapopungua. Sisi twaona kuwa limebaki neno moja kubwa.

Neno hilo yapasa mganga au mkunga amwambie mwanamke huyo kabla hajatoka wodini. Mimba changa ikishatoka, mwanamke aweza kushika nyingine hata kabla majuma mawili hayajatimia, wala si lazima aone hedhi kwanza. Nalo Shirika la Afya Duniani, baada ya mkutano wa wataalamu wake wa mwaka 2005, lilishauri mke na mume wangoje angalau miezi 6 kabla ya mimba nyingine.

Sasa watu wetu hujitegemeza kwa arobaini. Husema, mume hatamkaribia mkewe mpaka siku hizo zipite, basi hatari iko wapi? Lakini katika fikihi ya Imamu Shafi, tunayowasomesha watoto wetu, siku 40 ni kawaida tu ya nifasi na 60 ndio upeo wake. Damu ikikatika siku ya saba, mke ataoga, atasali, naye ni halali kwa mumewe. Na waume wengi wa pwani ya ziwa hili ni wavuvi wa dagaa: usiku wa giza wako majini, mbalamwezi ikiwaka wako nyumbani. Mbalamwezi haiwangojei arobaini.

Twajua pia kwamba si kila mimba iliyotoka imetoka yenyewe. Makisio ya watafiti kwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa Kanda ya Ziwa, ambamo mkoa wetu wa Mara umo, mimba 51 zilitolewa kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa, hali wastani wa nchi nzima ulikuwa 36. Sisi hatukihalalishi kitendo hicho, na Kanuni ya Adhabu ya nchi yakikataza pia, ila kuokoa uhai wa mama. Hata hivyo mgonjwa anayevuja damu hutibiwa. Hakuna sheria imkatazayo mganga kumtibu. Mkunga anayemsimanga binti aliye kitandani amfukuza asirudi tena hospitali, na safari ya pili ataipeleka siri yake kwa mwenye mizizi na vijiti.

Wapo waulizao: je, kupanga uzazi si sawa na kuua mtoto? Masahaba walifanya azli zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, wala hawakukatazwa. Imamu Ghazali aliitenga azli na kuitoa mimba iliyokwisha kuwako, na hofu juu ya uhai wa mke aliihesabu kuwa sababu inayokubalika. Kukata kizazi moja kwa moja bila dharura ni jambo jingine, nalo wanavyuoni wengi wamelikataa.

Basi mshauri aulize, asiamrishe. Vidonge, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi, mipira, vyote vyaweza kuanzwa siku ile ile. Kitanzi nacho, iwapo tumbo halina maambukizo. Lakini kuna jambo ambalo washauri wengi hulipita haraka, nalo kwa mwanamke wa Kiislamu ni zito. Sindano na kijiti huweza kuleta damu ya vipande vipande, leo ipo, kesho haipo. Mwanamke asiyeambiwa huona sala zake zimevurugika, akaiacha njia ile pasipo kumwambia mtu, na baada ya miezi michache ana mimba asiyoitaka. Angeambiwa mapema angechagua kitanzi cha shaba kisicho na dawa, ijapokuwa nacho chaweza kuzidisha hedhi. Au angemwuliza mwalimu wake, akaelezwa kuwa damu ikipita siku 15 huingia hukumu ya istihadha, atajihifadhi na kutawadha kwa kila sala ya faradhi.

Waume nao wasiseme, hayo ni ya wanawake. Ng'ombe uliowatoa mahari hawakununua mwili usiochoka. Akikuomba mshauri uingie, na mkeo ameridhia, ingia ukasikilize. Asiporidhia, ngoja nje kwa heshima.

Aliyekwisha toka bila kuambiwa hajachelewa. Aende kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu naye. Katika vituo vya serikali huduma ya uzazi wa majira hutolewa bure. Bali akiona homa, maji yenye harufu mbaya, maumivu makali ya tumbo, au damu inayolowesha vitambaa viwili kwa saa moja, asingoje kliniki wala asimngoje mume aliye ziwani. Apelekwe hospitali usiku ule ule.