Shoka Mlangoni pa Hospitali

Mwezi wa Aprili 2019, mjini Eldoret, binti aliyekuwa mwaka wa sita wa masomo ya udaktari aliuawa kwa shoka nje ya hospitali ile ile alimokuwa akijifunza kuponya watu. Na hata kabla hajazikwa, ndimi zikaanza kuuliza alipokea fedha kiasi gani kwa yule muuaji, kana kwamba roho ya mwanadamu ni bidhaa iliyowekwa rehani. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ilimhukumu mtu yule kifungo cha miaka 40, na ya sheria tunaiachia sheria.

Linalotushughulisha sisi ni lile swali, kwa kuwa halikuzaliwa chuoni, lilizaliwa nyumbani, mahali ambapo lawama humwangukia anayepigwa. Kijana aliyelelewa katika nyumba ambamo baba akipiga, mama hufunika uso kwa upindo wa kanga na kumwambia jirani kwamba ameteleza kisimani, huingia chuo kikuu na godoro lake, sanduku lake, na ilimu hiyo aliyohitimu zamani; naye binti aliyefundishwa kuwa stara ni kunyamaza huyahesabu makofi kuwa wivu, na wivu kuwa mahaba. (Si wote, alhamdulillahi, wako waliokulia humo wakaapa kutoinua mkono.)

Wazazi na wayaseme haya waziwazi kabla ya kutuma karo. Na mlezi wa wanafunzi, ambaye aghalabu hufunga ofisi alasiri hali ugomvi huanza usiku, apewe wasaidizi, na simu inayopokelewa saa nane za usiku.