Mnyongwa wa Karata na Mnyongwa wa Kivinje



Hivi karibuni, baada ya Misa, kijana mmoja wa ukanda wetu wa Kilwa alitufungulia simu yake na kutuonyesha picha aliyotumiwa na mpiga ramli wa mtandaoni. Ametukubalia tuandike bila kumtaja jina. Picha ile ni karata ya taroti namba 12, iitwayo Mtu Aliyetundikwa: mwanamume ananing'inia kichwa chini, mguu mmoja umefungwa kwenye mti, uso wake umetulia, na kichwa kimezungukwa na mwanga kama wa watakatifu. Kijana aliuliza kama huyo ni Mtakatifu Petro, ambaye mapokeo yanasimulia kwamba alisulubiwa kichwa chini. Swali lake halikuwa la kipuuzi, kwani mwanga ule unaweza kumpoteza mwamini yeyote.

Si Petro. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, zikiwa za mchezo tu, kama zile zinazochezwa barazani kwetu. Katika miji ya huko msaliti alichorwa ukutani akining'inia kwa mguu ili aaibike mbele ya watu, na picha ya karata inafanana sana na michoro hiyo. Kuzitumia kwa kupiga ramli kulienea Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Mchoro wenye mwanga kichwani ni kazi ya Pamela Colman Smith, iliyotolewa London mwaka 1909. Leo wasomaji wa karata husema maana yake ni kusubiri, kujiachilia na kuyatazama mambo kwa upande mwingine. Ni maneno matamu.

Lakini Kilwa inamjua mtu aliyetundikwa bila kufundishwa na karata. Pale Kilwa Kivinje watu huuita mwembe mmoja Mwembe Kinyonga, kwa sababu Wajerumani waliwanyonga hapo waliowapinga, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya, Novemba 1895. Miaka 10 baadaye, Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, nao waliomwamini wakaendelea kuzikabili bunduki wakitumaini kwamba risasi zingegeuka maji. Hatuudharau ushujaa wao, ingawa katika vita hivyo Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa huku Kusini. Tunachosema ni kwamba walionyongwa walikuwa na majina, na waliowanyonga pia walikuwa na majina. Kila kamba ilifungwa na mkono wa mtu, nasi tunaweza kuuliza ni nani na kwa nini.

Ramli hujibu swali hilo bila ushahidi. Kijana wetu alipolipa kwa simu ili apate tafsiri ya pili, aliambiwa kuwa yeye ndiye mtu wa kwenye karata, na aliyemfunga ni mwanamke wa upande wa baba yake. Tangu siku hiyo hamsalimii shangazi yake. Hii ndiyo inayoitwa ramli chonganishi, nayo haijapungua ubaya kwa kuhama kutoka kwenye bao la mganga hadi kwenye kioo cha simu. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataza ubashiri wa kila aina, kwa kuwa ndani yake imo tamaa ya kutawala wakati, historia na hatimaye watu wengine. Jirani zetu Waislamu nao hufundishwa kwamba ramli ni haramu. Katika jambo hili hatuna la kubishana.

Tulimwomba kijana aende Masoko akamsalimie shangazi yake. Alijibu kwamba karata ilimwambia asubiri. Mama huyo ni mzee sasa, na hadi tunapoandika haya hajaelezwa kosa lake.