Ada za Shimba Hills: Mji wa Kwale Haumo Hesabuni

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilipotangaza kwamba ada mpya za kuingia mbugani zingeanza Oktoba 1, 2025, wenye kampuni za utalii walipiga kelele, mzozo ukafika mahakamani na magazeti yakajaa hesabu. Raia anayeingia Mbuga ya Nairobi atoke shilingi 430 hadi 1,000, mgeni wa ng'ambo atoke dola 43 hadi 80. Nilisoma kila nilichokipata juu ya mvutano huo nikilitafuta jina la Kwale, na sikuliona. Hilo lilinikera, na linanikera hadi leo. Shirika la serikali lenye makao Nairobi na wafanyabiashara wa safari walikuwa wakigombea pesa za mgeni ambaye, kwa upande wetu huu wa pwani ya kusini, hulala Diani, hupanda Shimba Hills asubuhi na kushuka mchana uleule. Mji ulio langoni mwa hifadhi hiyo haukuulizwa na upande wowote. Kwa maoni yangu, kabla ya ada ya Shimba Hills kupanda hata kwa shilingi moja, iandikwe kisheria ni fungu gani linabaki Kwale. Bila maandishi hayo, nyongeza yoyote ni dhuluma kwa wenyeji.

Wengi wanaoandika juu ya pwani ya kusini hawajaukanyaga mji wenyewe. Ukitoka Likoni, au siku hizi ukipita barabara ya Dongo Kundu iliyofunguliwa 2024 na ukaepukana na foleni ya feri, unafika Kombani. Magari mengi hunyoosha kuelekea Tiwi, Ukunda na Diani. Machache yanayokata kulia huanza kupanda, minazi na mikorosho ikibaki nyuma, na muda si mrefu lile joto la kunata la ufuoni limekuachia. Kwale iko karibu mita 400 juu ya bahari. Ni makao makuu ya kaunti, ila ukiwatoa wafanyakazi wa serikali ni mji mdogo, mtulivu, wenye ukungu wa alfajiri, mahamri na mbaazi asubuhi, na upepo unaomfanya mtu wa Mombasa atafute shuka usiku. Nje kidogo ya mji kuna lango la Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, kilomita za mraba 192 za msitu na nyika ya vilima.

Hapo ndipo mahali pekee nchini Kenya pa kumwona palahala porini, dume lake jeusi, pembe zimepinda kurudi nyuma hadi zinakaribia mgongo. Mna ndovu. Mna zaidi ya nusu ya mimea 159 inayohesabiwa kuwa adimu nchini. Askari wa wanyamapori hukuongoza kwa miguu, mwendo wa kilomita 2 hivi, hadi maporomoko ya Sheldrick yanayoanguka mita 21 kwenye bwawa unaloweza kuoga. Kutoka kwenye kingo za mashariki unaiona Bahari ya Hindi yote imelala chini yako. Mimi siujui mji mwingine wa pwani ya Kenya unaomweka mtu asubuhi msituni penye ndovu na alasiri ufuoni, bila safari ya kumchosha. Kwa msafiri apendaye kutembea, kupanda na kutazama ndege, Kwale ingestahili kukaliwa siku tatu au nne.

Haikaliwi. Gari la watalii huondoka hotelini Diani alfajiri, na jiko la hoteli limekwisha kuwafungia abiria chakula cha mchana kwenye maboksi. Linapita Kwale bila kusimama. Wageni wanaingia hifadhini, wanamtafuta palahala, wanateremka Sheldrick, wanakula walichokibeba, na saa nane mchana wamekwisha kurudi kando ya bwawa la kuogelea. Mafuta yalijazwa Ukunda. Ada ililipwa kwa simu kupitia eCitizen, ikaruka juu ya mji na kutua kwenye akaunti ya Nairobi. Sokoni Kwale haikununuliwa hata chungwa. Siwalaumu wageni hao wala madereva wao, kwa sababu mji haujapewa uwezo wa kuwashika.

Wanaotetea ada mpya wana hoja zao, na sizifichi. Viwango havikuwa vimeguswa kwa miaka 18. KWS inasema mahitaji yake ya mwaka ni karibu shilingi bilioni 20 huku mapato yakiwa chini ya bilioni 8, na askari wanataka mishahara, magari na mafuta. Wenye kampuni za safari nao wanasema wamekwisha kuuza safari kwa bei ya zamani, na kwamba mgeni akiona ghali atakwenda Tanzania. Haya, yote yana ukweli wake. Lakini pande zote mbili zinazungumza juu ya kiasi. Hakuna aliyeuliza pesa zikishalipwa zinakwenda wapi, na swali hilo ndilo linaloihusu Kwale.

Shimba Hills si mbuga ya taifa. Ni hifadhi ya taifa, na nchini Kenya tofauti hiyo ni ya pesa taslimu. Mbuga za taifa kama Tsavo na Nairobi ziko chini ya KWS. Hifadhi za taifa zenye majina makubwa ziko chini ya kaunti: Maasai Mara inasimamiwa na Narok, hifadhi ya Samburu na kaunti ya jina hilo, Buffalo Springs na Shaba na Isiolo. Ni Narok iliyoamua kwamba tangu 2024 mgeni wa ng'ambo alipe dola 100 kwa siku katika nusu ya kwanza ya mwaka na dola 200 katika nusu ya pili, na ni Narok inayozikusanya. Zikitumika vizuri au vibaya, mkaazi wa kule ana gavana wa kumkabili na mwakilishi wadi wa kumbana. Mkaazi wa Kwale ana hifadhi yenye hadhi ileile kwenye vitabu vya sheria, na ada yake inaingia moja kwa moja KWS.

Chanzo cha hali hiyo kinajulikana. Ardhi ile ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1903, Mwingereza akitawala, na hadhi ya hifadhi ya wanyama ilipokuja mwaka 1968 iliwekwa juu ya msitu huo. Ndiyo maana KWS inausimamia pamoja na shirika la misitu. Historia hiyo naielewa, lakini amri ya karne iliyopita haiwezi kuwa ndiyo kauli ya mwisho juu ya riziki ya watu walio hai. Amboseli ilikuwa mbuga ya taifa kamili, na bado mwaka 2023 Rais William Ruto aliahidi kuirudisha mikononi mwa Kajiado. Kama jambo hilo linawezekana kwa mbuga yenye jina duniani kote, inakuwaje lisitajwe kabisa kwa hifadhi ambayo kisheria iko karibu zaidi na kaunti?

Wala sidai Kwale ikabidhiwe msitu mzima. Msitu ule unalisha chemchemi za Marere, ambazo zimewanywesha watu wa Mombasa tangu enzi za ukoloni, na kuutunza kunataka utaalamu. KWS ibaki na askari wake, magari yake na madaktari wake wa wanyama. Ninachodai ni fungu lililoandikwa. Na mfano tunao papa hapa Kwale. Kampuni ya Base Titanium ilichimba madini katika kaunti hii kwa zaidi ya miaka kumi hadi ilipofunga kazi mwisho wa 2024. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha waziwazi: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali palipochimbwa. Pesa zilichelewa mno, watu wakalalamika, lakini walikuwa na namba ya kulalamikia. Mwananchi aliweza kusimama barazani akasema, asilimia kumi yetu iko wapi. Kwa kilicho chini ya ardhi ya Kwale namba ipo. Kwa msitu, ndovu na maporomoko yaliyo juu ya ardhi hiyohiyo, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inazungumza kwa upole juu ya jamii kunufaika, na risiti ya lango la Shimba Hills haionyeshi senti hata moja ya jamii.

Fungu hilo ndilo lingeubadilisha mji. Kaunti inayojua kwamba kila tiketi ina chake ndani yake itakuwa na sababu ya kutaka mgeni akae. Itawafundisha vijana wa Kwale kuongoza wageni na kuwajua ndege na miti kwa majina. Itapima njia za miguu nje ya uzio, kwenye kingo zinazotazama bahari, kwa sababu leo asiye na gari hawezi kuiona hifadhi ipasavyo. Kijana aliyezaliwa hatua chache kutoka langoni anaweza kufikisha umri wa kuoa bila kumwona palahala, naye anampita kila siku kwenye nembo na mabango. Kaunti hiyo itatafuta pia mtu wa kujenga nyumba ndogo za wageni. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumejenga utalii ambamo mgeni anakuja na mwenyeji anabaki kumpungia mkono.

Na huyu mwenyeji ndiye anayelipa gharama ambayo haimo katika kitabu chochote cha mapato. Mwaka 2005 ndovu walikuwa wamezidi uwezo wa Shimba Hills hata KWS ikapanga kuhamisha 400 kuwapeleka Tsavo Mashariki. Kwa hivyo shirika lenyewe lilikiri kwamba msitu umelemewa. Ndovu wakibanwa ndani hutoka nje, na nje kuna mahindi ya mtu. Wakulima wa Mkongani na Lukore, wanaopakana na hifadhi, hawahitaji kusomewa takwimu juu ya jambo hilo. Wanalala nje mwezi wa mavuno wakipiga madebe. Watoto wao huchelewa shule asubuhi ambayo ndovu wameonekana njiani. Sheria inasema familia ya aliyeuawa na mnyama ilipwe fidia ya shilingi milioni 5, na wajane wanazeeka wakifuatilia mafaili. Halafu bei ya kumtazama ndovu huyohuyo inapandishwa, na aliyepoteza shamba hatajwi hata kwa adabu! Hapo ndipo subira yangu inapokwisha. Anayesema fungu la Kwale litaongelewa baadaye, pakipatikana fedha za kutosha, angesema hivyo akiwa Lukore saa tisa usiku.

Najua jibu linalonong'onwa maofisini: watu wa Kwale hawana uwezo, pesa zitaliwa. Hasira yangu kwa maneno hayo ni kubwa kwa sababu kaunti hii imekwisha kuyajibu mara nyingi. Miaka ya tisini wenye mashamba wa Golini na Mwaluganje, jirani kabisa na Shimba Hills, walitoa ardhi yao iwe ya ndovu, wakaanzisha hifadhi ambayo mapato ya lango hugawanywa kwa wenye ardhi kulingana na hisa zao. Utalii wa pwani ulipoporomoka baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, na kila ulipoyumba baadaye, mapato yao yalibanwa, lakini wakaendelea. Kinondo, wazee wa Kidigo huwaongoza wageni ndani ya kaya, yaani msitu wao mtakatifu, kwa masharti yao, mgeni akifungwa kaniki kiunoni. Kaya hiyo imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Gazi, wanawake walijenga daraja la mbao la kutembelea mikokoni, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa na kutumia pesa kwa maji na shule. Wasini wanawake wana njia yao kati ya matumbawe ya kale. Shimoni pango la watumwa linasimamiwa na jamii. Hawa wote wanakata tiketi, wanahesabu, wanagawana, na wanagombana mkutanoni kuhusu hesabu kama inavyopasa. Wanaoambiwa hawana uwezo ndio waliotangulia kufanya kile ambacho lango kubwa la serikali halijafanya.

Kwa hiyo viwango vipya vikisimama au vikirudishwa mezani, kuna kazi ya kufanywa Kwale kwenyewe. Bunge la kaunti hukutana katika mji huo, kwa gari ni dakika chache kutoka lango la Shimba Hills. Liiandikie Wizara ya Utalii na KWS kudai mambo matatu kwa maandishi: mapato ya lango la Shimba Hills ya kila mwaka yatangazwe peke yake, yasichanganywe na ya Tsavo, asilimia ya kaunti na ya vijiji vinavyopakana na uzio itajwe ndani ya kanuni za ada zenyewe, na fidia zote za Kwale ambazo hazijalipwa ziorodheshwe na tarehe zake. Gavana Fatuma Achani aitie sahihi barua hiyo, na nakala ibandikwe kwenye ofisi ya kila chifu kuanzia Mkongani hadi Golini.